Herufi za Nyayo Nene katika Hati za Kasongo na Kabambare

Makala haya mafupi yanahusu sura ya herufi ambayo wengi wetu tumeiona tangu utotoni bila kujua jina lake. Ni herufi zenye nyayo nene: kila mguu huishia kwenye kijiti cha mlalo chenye unene unaokaribia ule wa mguu wenyewe. Wafaransa huziita mécanes. Zilizuka London mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya matangazo ya ukutani, na mwaka 1845 Robert Besley akatoa Clarendon, iliyo maarufu hadi leo.

Kwetu zinajulikana zaidi kwa mashine ya kuandikia. Kiswahili kilifika Kasongo na watu wa pwani katika karne ya 19, nao waliojua kuandika walitumia herufi za Kiarabu. Ni chini ya ukoloni ndipo herufi za Kilatini ziliposhika ofisi na mahakama.

Mashine hiyo huipa kila herufi nafasi sawa. Basi m hubanwa, na i hubaki peke yake katikati ya uwazi. Nyayo pana huuziba uwazi huo. Katika Kiswahili jambo hili si dogo, kwani i imejaa katika viambishi vyetu: ki-, vi-, mi-, ni-, -li-. Neno kama kilichofikiriwa, likiandikwa kwa nafasi sawa bila nyayo, huonekana kama ua lililong'olewa miti.

Unene wake pia huhimili karatasi ya kaboni. Nakala ya tatu bado husomeka. Ila uchafu wa wino ukijaa katika matundu ya a, e na o, ni vigumu kujua kama mtu alipanda, alipenda au aliponda.

Tatizo kubwa zaidi ni tarakimu. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Mwandishi alipiga l ndogo badala yake. Jicho husamehe, kompyuta haisamehe. Nilipokuwa nikinakili hukumu za zamani za mipaka ya mashamba, nilitafuta 1957 nikaambiwa hakuna kitu. Karibu niandike kwamba hati za mwaka huo zimepotea. Zilikuwepo zote, zimenakiliwa l957, na miongoni mwake ilikuwamo hukumu ambayo ukoo mmoja uliitegemea.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi watunze nakala mbili: ya kwanza ifuate hati herufi kwa herufi, ya pili isahihishwe tarakimu. Kwa ile ya kwanza, Courier, aliyoichora Howard Kettler kwa ajili ya IBM katika miaka ya 1950, inafaa, kwa kuwa mistari hulingana na ile ya hati asilia, na kosa la nafasi huonekana mara moja. Kwa tasnifu yenyewe siipendekezi. Inakula karatasi mno.