Wangwa wa Carlsbad Uliolipiwa na Bandari ya Los Angeles

Ukitoka Los Angeles kwenda San Diego kwa barabara kuu ya Interstate 5, kuanzia Oceanside unavuka nyangwa sita, mmoja baada ya mwingine: Buena Vista, Agua Hedionda, Batiquitos, San Elijo, San Dieguito na Los Peñasquitos. Kwa mwendo wa gari kila mmoja ni maji yanayometa kwa sekunde chache tu, halafu zinarudi nyumba, maduka na vituo vya mafuta. Wengi wetu tunaoishi huku huzipita mbio, tukiwahi ufukwe wa La Jolla au nyama choma ya Mission Bay.

Leo nataka mshuke kwenye mmojawapo, Batiquitos, ulio katika mji wa Carlsbad. Nataka pia mjue kwa nini wangwa huo bado una maji, maana hayakubaki pale kwa bahati wala kwa juhudi za wapenda ndege peke yao. Yamelipiwa, na aliyelipa ni bandari iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Mahali penyewe

Hifadhi ina ekari zipatazo 610 na inasimamiwa na serikali ya jimbo la California. Njia ya miguu hufuata ukingo wa kaskazini kwa karibu maili mbili, tambarare, hata bibi na mjukuu wake wanaimudu. Upande mmoja ni maji na matope. Upande wa pili ni mikaratusi, uwanja wa gofu wa Aviara na nyumba za wenye nazo. Hakuna kiingilio. Kuna kituo kidogo cha maelezo kinachoendeshwa na watu wa kujitolea wa Batiquitos Lagoon Foundation, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1983.

Aliyekulia Mtwapa, Kilifi au Pangani atashangaa kutoona mikoko. California ni baridi mno kwa mikoko. Badala yake matope yamefunikwa na mimea mifupi yenye mashina manofu inayovumilia chumvi. Mengine yote atayatambua: maji kujaa na kupwa, harufu ya tope, kaa wanaokimbilia mashimoni, yangeyange waliosimama wakivizia samaki, mwari wanaopita juu kwa mstari.

Mlango ulioziba

Uhai wa wangwa uko kwenye mlango wake. Maji yakijaa, bahari huingia na samaki wachanga na hewa safi; yakipwa, hutoka na tope na uchafu. Mlango ukiziba, maji yanalala na kuoza.

Batiquitos uliziba taratibu, na hakuna aliyekusudia. Reli ya pwani ilijengwa miaka ya 1880, ikafuata barabara ya pwani, na baadaye Interstate 5. Zote tatu zilipita juu ya matuta ya udongo, zikaacha upenyo mwembamba chini ya madaraja. Nguvu ya maji ikapungua, mawe na mchanga vikarundikana mdomoni, na huko juu mito ikazuiwa huku mashamba na viwanja vya ujenzi vikimwaga udongo. Kwa miongo mingi mlango ulikuwa umefungwa karibu mwaka mzima. Kiangazi maji yalikauka ukabaki uwanda wa chumvi, vumbi na uvundo. Mvua ziliponyesha likawa dimbwi lisilo na pa kutokea.

Hali hiyo haikuwa ya Carlsbad peke yake. California imepoteza takriban asilimia 90 ya ardhi oevu zake. Hata Mission Bay tunakochomea nyama ilikuwa eneo kubwa la matope na majani ya chumvi kabla ya kuchimbwa na kugeuzwa bustani ya maji katikati ya karne iliyopita.

Bandari inayotafuta pa kulipia

Miaka ya 1980 Bandari ya Los Angeles ilitaka kujaza udongo baharini ipate nafasi ya makontena. Mpango huo ndio uliozaa gati kubwa linaloitwa Pier 400. Lakini zilikuwepo sheria mbili: Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka 1972 na Sheria ya Pwani ya California ya mwaka 1976. Kwa ufupi zinasema kwamba ukifukia makazi ya viumbe wa majini, lazima uyafidie kwa makazi mengine.

Ndani ya bandari hapakuwa na pa kufidia, maana kila upande ni gati. Ikabidi watafute kwingine pwani maji yanayougua ili wayatibu, na wakaupata Batiquitos. Mwaka 1987 bandari, Jiji la Carlsbad na idara za samaki na wanyamapori za jimbo na za taifa zikakubaliana. Bandari ingegharamia kuuchimba wangwa na kuufungua, na kwa kila sehemu iliyofufuliwa ingehesabiwa haki ya kujaza bahari kule kwake.

Kazi ilifanyika katikati ya miaka ya 1990 na kugharimu zaidi ya dola milioni 50. Mchanga uliochimbwa ulimwagwa kwenye ufukwe wa jirani, na mwingine ukatengenezewa viwanja vya kutagia mayai vya buabua wadogo, ndege walio hatarini kutoweka. Mlangoni zikajengwa kuta mbili za mawe kuzuia usizibe tena. Mwaka 1996 bahari ikaingia.

Wako waliopinga, nao walikuwa na hoja. Matope ya kina kifupi yalilisha ndege wengi wa ufukweni. Ukiyachimba, unawapunguzia chakula ili samaki wapate nafasi. Lakini deni la bandari lilikuwa la samaki, na ndiyo sababu wangwa ulichimbwa kwa kina cha kuwafaa wao. Ukiona leo maji mengi kuliko matope, unaangalia masharti ya mkataba ule.

Batiquitos haukuwa wa mwisho. San Dieguito, karibu na Del Mar, umefufuliwa na kampuni ya umeme ya Southern California Edison, kwa sababu kinu chake cha nyuklia cha San Onofre kilikuwa kikivuta maji ya bahari ya kupoozea mitambo na kuua samaki wachanga. Kinu kilifungwa moja kwa moja mwaka 2013, wangwa ungalipo. San Elijo nao ulichimbwa upya kuanzia 2017, sambamba na upanuzi wa Interstate 5 na reli.

Ukiamua kwenda

Angalia kwanza ratiba ya maji. Yakipwa ndipo ndege hushuka matopeni kula, na wakati wa bamvua matope hufunuka zaidi. Majira ya baridi huleta ndege wahamao kutoka kaskazini. Kuanzia Aprili buabua huanza kutaga, na viwanja vyao huzungushiwa uzio. Kuogelea na boti ni marufuku. Mbwa afungwe kamba. Usiokote makombe wala kuchuma mimea. Mwenye hamu ya kuvua aulize kwanza sehemu zinazoruhusiwa, na kila aliyetimiza miaka 16 awe na leseni ya jimbo. Kivuli ni cha mikaratusi tu, kwa hiyo chukua kofia na maji.

Fidia ya nani?

Habari za bandari kujaza bahari si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kwa sababu ya bandari mpya ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ulikuwa ushindi mkubwa, na haki yao. Huko fidia ilimtazama mvuvi. Batiquitos ilimtazama samaki, na hakuna mvuvi aliyekatiwa hundi.

Kila njia ina upungufu wake. Fedha ya mvuvi ikiisha, mazalia yaliyofukiwa hayarudi. Wangwa uliofufuliwa Carlsbad nao haumsaidii aliyekuwa akivua San Pedro, jirani na bandari. Wanaofaidi zaidi ni majirani wenye nyumba zinazotazama maji. Tena mchanga haujaacha kuingia: mlango wa Batiquitos hulazimika kuchimbwa tena kila baada ya miaka kadhaa, na bila fedha iliyotengwa kwa kazi hiyo ungeshaziba.

Wenye sauti nyumbani, katika vyama vya pwani, kaunti au wizara, mna la kuchukua hapa. Likija gati jipya, iwe Bagamoyo, Tanga au Lamu, dai mvuvi alipwe, na mazalia ya samaki yalipwe kwa mazalia mengine yanayofikiwa na mvuvi yuleyule. Mkataba utaje pia nani atalipia matunzo baada ya makontena ya kwanza kushushwa.