Pistoni tatu za GR Yaris zinavyowafunga mdomo wabishi

ACHANA kwanza na usajili wa Simba na Yanga. Nenda kijiwe chochote cha madereva uulize habari za gari la pistoni tatu. Utachekwa. Watakwambia hilo ni cherehani lenye matairi.

Utani huo umeletwa na Toyota Vitz. Zile zenye injini ya lita moja, pistoni tatu na nguvu ya farasi kama 70 hivi, zimejaa Dar es Salaam hadi Nairobi. Mafuta zinakula kidogo, hilo hakuna anayebisha. Ila pakia watu wazima wanne na mizigo yao, kisha uipandishe Kitonga, ndio utajua kwa nini watu wanacheka.

Sasa Toyota hao hao, katika ukoo huo huo wa Vitz, ambayo nje ya Japan inajulikana kwa jina la Yaris, wametoa ndinga ya pistoni tatu yenye farasi 272. Inaitwa GR Yaris. Ilizinduliwa Japan Januari 2020, na wakati inaingia sokoni hakukuwa na gari lingine la kawaida la pistoni tatu lenye nguvu kama yake.

UMBO LA BONDIA

Ukiliona mara ya kwanza unaweza kudhani ni Vitz ya mtu aliyepoteza hela gereji. Angalia vizuri. Lina milango mitatu tu ukihesabu na wa nyuma. Mabega yametanuka, paa limeshuka kuelekea nyuma, na chini kuna eksozi mbili.

Paa hilo ni la kaboni. Milango na boneti ni aluminiamu. Ndiyo maana gari zima lina uzito wa kilo 1,280 tu, pamoja na kwamba linavuta kwa matairi yote manne. Dereva anachagua mwenyewe mgawo wa nguvu: 60 mbele na 40 nyuma kwa safari za kawaida, 30 kwa 70 akitaka kucheza na kona, au nusu kwa nusu kwa mbio.

Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa linatumia sekunde 5.5. Spidi ya mwisho imefungwa kwenye 230.

KWA NINI TATU, SI NNE?

Hapa ndipo pana utamu. Wengi wanadhani pistoni tatu ni ubahili. Kwenye GR Yaris ni mbinu ya kocha.

Injini yake ina ukubwa wa lita 1.6 na tabo moja. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, halafu nayo inasukuma hewa nyingi kurudi ndani. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi yanaungua, nguvu inapanda. Tatizo la tabo siku zote ni kuchelewa: unakanyaga mafuta, unasubiri, ndipo gari linaondoka.

Kwenye injini ya pistoni nne, silinda moja inaanza kutoa moshi kabla nyingine haijamaliza. Mawimbi ya moshi yanagongana njiani, kama mawinga wawili wanaogombea mpira mmoja. Zikiwa tatu, kila silinda inapata nafasi ya kupuliza bila kuingiliwa. Moshi unaifikia tabo kwa mapigo safi, nayo inaamka haraka. Tabo yenyewe inazunguka kwenye beringi za gololi ili kupunguza msuguano.

Faida ya pili ni uzito. Injini nzima ina kilo 109. Pua ya gari ikiwa nyepesi, kukata kona kunakuwa rahisi. Ni habari ya N'Golo Kante: mwili mdogo, pafu la watu wawili.

MECHI ILIYOFUTWA

Stori ya gari hili ina uchungu wake. Toyota hawakulitengeneza kwa ajili ya kuuzia sura. Walitaka silaha ya mbio za magari za dunia, na sheria iliwataka watengeneze magari 25,000 ya barabarani ya aina hiyo. Dereva bingwa wa zamani, Tommi Makinen, alishiriki kulinoa.

Kisha ikaja korona, na kanuni mpya za mwaka 2022 zilikuwa mlangoni. Gari la mbio lililokusudiwa likafutwa kabla ya kushindana. Ni sawa na kusajili straika kwa ajili ya michuano, halafu michuano ikavunjwa.

Ndiyo, jina la GR Yaris lilitikisa Naivasha. Safari Rally ya 2022 Toyota walibeba nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanpera akiwa bingwa, na 2023 wakarudia kwa ushindi wa Sebastien Ogier. Lakini tuseme ukweli: magari yale yalikuwa na injini nyingine, ya pistoni nne, ikisaidiwa na mota ya umeme. Pistoni tatu zilikuwa jukwaani zikishangilia.

Zamu yao ilifika 2024, Toyota walipoingiza gari la daraja la Rally2 lenye injini iliyotokana na hii ya barabarani. Msimu huo huo Sami Pajari akabeba ubingwa wa dunia wa WRC2.

KASORO ZAKE

Siti za nyuma ni za watoto, watu wazima watagombana. Buti ni lita 174, mabegi mawili limejaa. Sehemu ya mngurumo unaousikia ndani inaongezwa na spika, jambo ambalo wapenzi wa injini hawalipendi. Na si la bei ya Vitz: Uingereza lilianza kuuzwa kwa takriban pauni 30,000.

Lakini toleo la 2024 la soko la Japan limefikishwa farasi 304 kwa injini ile ile ya lita 1.6, na ukitaka unapewa gia otomatiki nane badala ya sita za mkono. Pistoni hazijaongezwa hata moja. Toyota wangekuwa na shaka nazo, wangeshaongeza ya nne.