Saa ya Eastleigh na Ngoma Isiyolia

Tangu tarehe 30 Desemba 2024, duara la chuma lilipodondoka kutoka angani na kutua kijijini Mukuku, Makueni, mwendo wa saa tisa alasiri, watu wa Ukambani hawachoki kuuliza vyuma vimetoka wapi. Duara lile lilikuwa na kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitangaza kuwa ni pete ya roketi, ile inayotenganisha vipande vyake safarini. Mengi yameshasemwa juu yake, nami sina la kuongeza. Lakini katika barua zilizofuata, moja imeninyima usingizi. Msomaji wa Makueni anauliza kuhusu chuma kidogo zaidi, chenye upana wa milimita 36 tu: saa ya mkononi aliyoachiwa na marehemu babu yake, aliyekuwa mpishi katika kituo cha ndege za kivita cha Eastleigh, Nairobi.

Nyumbani wanasimulia kwamba mzungu mmoja, mwongoza njia wa ndege za mabomu, alimpa babu saa hiyo wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau. Mjukuu ana maswali mawili. Je, saa ni ya kweli na hadithi ni ya kweli? Na kwa nini saa ambayo babu alisema iling'aa gizani usiku kucha sasa haing'ai hata kidogo?

La kwanza ni jepesi kiasi. Picha alizonitumia zinaonyesha kifuniko cha nyuma kilichochorwa mshale wa mistari mitatu, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Chini yake pana namba 6B/346, kisha namba ya saa yenyewe, mkwaju, na tarakimu 51. Herufi 6B ni fungu la vifaa vya kuongozea ndege katika ghala za jeshi la anga la Uingereza, na 51 ni mwaka 1951. Hiyo ndiyo saa iitwayo Mark 11, iliyoanza kutolewa kwa wanajeshi wa anga wa Uingereza mwaka 1949. Iliundwa na kampuni mbili za Uswisi, IWC ya Schaffhausen na Jaeger-LeCoultre. Za Jaeger ndizo adimu zaidi, na hii ni ya IWC, lakini asihuzunike, maana siku hizi hata hizo hazipatikani kwa bei ya ng'ombe mmoja.

Jinsi mashine ya saa inavyokwenda, na spiringi zake na magurudumu yake, sitaieleza. Fundi yeyote wa River Road atakuonyesha kwa dakika tano. Nitasema tu kwamba ukivuta kifundo cha kutilia ufunguo, akrabu ya sekunde husimama, ili wafanyakazi wote wa ndege waoanishe saa zao kwa sauti moja. Nitaongeza pia kwamba mashine imefunikwa kwa chuma laini ili sumaku za ndege zisiisumbue. Usahihi wake haukuwa wa mapambo. Mtu anayetafuta mahali alipo kwa kupima nyota hupotea maili moja ya baharini, kilomita 1.85, kwa kila sekunde nne saa yake inapokosea, kama yuko karibu na ikweta. Kitui iko pale pale kwenye ikweta, ukisamehe digrii moja na ushei. Saa ikikosea dakika moja, anayedhani yuko juu ya mji wa Kitui yuko kilomita 28 mashariki au magharibi yake. Ndiyo maana saa hizi zilikuwa zikipelekwa kwenye karakana ya Kituo cha Kuangalia Nyota cha Greenwich, wakati huo kikiwa Herstmonceux, zipimwe kwa siku nyingi katika baridi na joto kabla ya kukabidhiwa mtu.

Basi tuje kwenye mwanga, maana hapo ndipo penye utamu.

Rangi iliyopakwa kwenye alama za uso na akrabu za saa ya 1951 ilikuwa mchanganyiko wa vitu viwili. Kimoja ni radiamu, elementi waliyoigundua Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Cha pili ni unga wa salfaidi ya zinki uliotiwa chembe kidogo za shaba. Radiamu peke yake haikufai kitu gizani, na unga peke yake vilevile. Ni mpaka vikutane.

Fikiria kilumi, ngoma ya Wakamba. Radiamu ndiyo mpigaji, salfaidi ya zinki ndiyo ngozi. Atomu ya radiamu inapovunjika hurusha chembe ya alfa kwa mwendo wa kilomita 15,000 hivi kwa sekunde, mwendo wa kutoka Nairobi hadi Mombasa kabla hujapepesa jicho. Chembe hiyo haifiki mbali. Hugonga fuwele ya zinki iliyo jirani, na fuwele hutoa mlio wake, ila mlio wenyewe ni mwanga wa kijani. Pigo moja, mmweko mmoja. Mikrogramu moja tu ya radiamu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, hupiga mapigo 37,000 kila sekunde, kwa hiyo macho huona mng'ao mmoja mtulivu, kama sikio linavyosikia mvumo pale mikono ya mpigaji inapokwenda kasi mno. Lakini kaa gizani robo saa, kisha itazame rangi hiyo kwa lenzi kali: mng'ao huvunjika, ukaona vimweko vidogo vidogo, kila kimoja ni atomu moja inayokufa mbele yako. William Crookes alitengeneza kifaa cha kutazamia jambo hili mwaka 1903, na watu wa London walikinunua kwa ajili ya kujifurahisha tu. Sijui burudani ya nyumbani iliyonipendeza kuliko hiyo.

Sasa, ngozi ya ngoma haikuumbwa kwa mapigo ya nguvu hiyo. Kila chembe ya alfa inapopita ndani ya fuwele huzisukuma atomu kutoka mahali pake, na fuwele iliyovurugika haitoi mwanga tena. Nguvu ya pigo huishia kuwa joto. Baada ya miaka michache mlio hufifia. Baada ya miaka kumi au ishirini, kimya. Watu wanaokaa nje ya uzio husema ngoma imekwisha, wachezaji wamekwenda kulala. Kumbe mpigaji yuko pale pale, hajapunguza hata mkono mmoja, anapiga ngozi iliyopasuka. Angepewa ngozi mpya leo, uwanja ungeamka.

Kuhusu umri wa mpigaji, wataalamu husema radiamu ina nusumaisha ya miaka 1,600: ukiwa na gramu moja leo, baada ya miaka 1,600 utabaki na nusu gramu. Neno hili nusumaisha linanikera, na wanaosema nusu-uhai hawajanisaidia. Mwenye maisha huzeeka, na mzee hufa upesi kuliko kijana. Atomu haizeeki. Radiamu iliyochimbwa juzi na ile iliyokaa kwenye uso wa saa miaka sabini zina bahati ileile ya kuvunjika kesho asubuhi. Mimi nasema nusumuda, na mhariri ameniruhusu mpaka baraza fulani litakapotukataza. Kwa nusumuda huo, saa ya 1951 ilipofika mwaka 2025 ilikuwa bado na asilimia 97 ya radiamu yake. Giza lake halina uhusiano wowote na kuisha kwa radiamu.

Na radiamu yenyewe ilitoka wapi? Katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikasafishwa Olen nchini Ubelgiji kuanzia mwaka 1922, mpaka Wakanada walipoanza kuchimba yao katika miaka ya 1930. Kwa kuwa radiamu haiishi, ilikuwa ikikusanywa na kutumiwa tena na tena. Hivyo huenda mwanga uliomwongoza mzungu juu ya Mlima Kenya ulichimbuliwa na mikono ya watu waliokuwa wakiongea Kiswahili, karibu kilomita 1,600 kutoka Makueni. Walioipaka rangi hiyo Marekani katika miaka ya 1920, wasichana waliofundishwa kunoa brashi kwa midomo, wengi waliugua mifupa na baadhi wakafa. Wenzao watano wa New Jersey walimshtaki mwajiri wao mwaka 1927.

Madhara hayo ndiyo yaliyowafanya Waingereza wabadilishe rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walianza kuzirudisha saa za Mark 11 karakana, wakaondoa nyuso zenye radiamu na kuweka zenye tritiamu, aina ya hidrojeni inayonururisha. Nyuso mpya zilitiwa herufi T ndani ya duara dogo. Tritiamu ni mpigaji wa tabia nyingine kabisa: hupiga kwa ncha za vidole. Wastani wa nguvu ya pigo lake haufiki sehemu moja ya mia nane ya pigo la radiamu, na halipenyi hata kioo cha saa. Ngozi hudumu. Lakini nusumuda wake ni miaka 12.3, kwa hiyo hapa anayeondoka ni mpigaji mwenyewe. Saa iliyopakwa tritiamu mwaka 1963, ilipofika 2025 ilikuwa imebakiwa na asilimia tatu.

Asilimia 97 na asilimia tatu, na kwa macho zote mbili ni giza lilelile! Utazitofautishaje bila maabara? Mchunguzi anakuwa mpigaji wa pili. Nilimwomba msomaji wetu aazime kwa mwenye duka la M-Pesa ile taa ya kukagulia noti bandia, itoayo mwanga wa urujuanimno, ajifungie chumba chenye giza na kuimulika saa. Mwanga wa urujuanimno huigonga fuwele kama alfa inavyoigonga. Kama ngozi imepasuka, hutasikia kitu: hiyo ni radiamu ya zamani. Kama ngozi ni nzima, alama zitawaka, na ukizima taa zitabaki zinang'aa sekunde chache kabla ya kuzimika.

Zimewaka. Alinitumia picha, kijani hafifu kwenye saa tatu, sita na tisa. Na ukikuza picha ya kwanza, juu ya tarakimu 6, T ndani ya duara ipo, imefifia kidogo.

Kwa hiyo ndani ya saa hii zimo saa mbili zinazopingana kwa adabu. Mgongo unasema 1951. Uso unasema si kabla ya mwanzo wa miaka ya 1960. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Ndege za Lincoln zilizorusha mabomu Nyandarua na Mlima Kenya kutoka Eastleigh zilikuwa huko kati ya 1953 na 1955. Uso huu haukuwapo katika vita hivyo. Saa inaweza kuwa iliruka wakati huo, ikiwa na uso mwingine, lakini kama babu alipewa saa kama ilivyo leo, alipewa baadaye. Nadhani ilikuwa wakati Waingereza wa Eastleigh walipokuwa wakifunga virago. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, na baadhi ya maofisa wa Kiingereza walibaki kulifunza. Saa zilikuwa mali ya serikali, hutolewa kwa sahihi na kurudishwa. Watu wanapohama, si kila kitu hurudi ghalani, na mpishi aliyewalisha watu vizuri hakosi zawadi.

Ni kweli uso unaweza kubadilishwa na fundi yeyote mwenye vipuri, na urujuanimno si hakimu wa mahakama ya rufaa. Pia chembe za radiamu ya awali huweza kubaki ndani ya saa iliyobadilishwa, kwa hiyo asiifungue mwenyewe wala kukwaruza rangi, wala asiiweke karibu na mto wa kulalia. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya ina vipimo vinavyofaa.

Akipata fundi anayejua anachoshika, mashine ndani ina namba yake, tofauti na ile ya mgongoni. Kwa namba hiyo IWC hutafuta katika madaftari yao Schaffhausen na kuandika saa ilitoka kiwandani lini. Nyaraka za Kituo cha Greenwich ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa atakayetaka kufika mbali zaidi. Jina la mwongoza njia ni kazi nyingine, na huko sioni ngoma wala ngozi ya kutusaidia.

Kilicho karibu zaidi kiko nyumbani Makueni. Nimemwomba aitafute barua ya kazi ya babu, ile wapishi wa kambi walipewa walipoachishwa. Kama imeandikwa 1964 au 1965, nitaishi kwa furaha. Kama imeandikwa 1959, aniandikie upesi, maana hapo kuna mtu aliyeibadilisha sura saa hii baada ya kufika Ukambani, na fundi wa namna hiyo ningependa kujua alikuwa nani na duka lake lilikuwa mtaa gani.