Mabawa ya Kuazima

Katika misitu ya Unguja, Jozani ikiwamo, huruka kipepeo ambaye wataalamu humwita Papilio dardanus. Dume hatatizi: manjano mpauko, kingo nyeusi, mkia kila upande. Jike ndiye kitendawili. Hana mkia, na mara nyingi ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Ndugu yake wa tumbo moja aweza kuwa wa rangi ya chungwa. Wanasayansi waliwapa majike hawa majina ya spishi mbalimbali, hadi Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoeleza mwaka 1869 kwamba wote ni spishi moja.

Mabaka yale ameyaazima. Wapo vipepeo weusi na weupe wa kundi la Amauris, wenye sumu mwilini. Ndege akimwonja mmoja, hatamani wa pili. Dardanus hana sumu hata kidogo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hii humsitiri jike barabara, mradi wenye nguo wawe wengi kuliko waazimaji. Waigaji wakizidi, ndege huonja watamu mara kwa mara, na hofu huwatoka. Ndiyo maana sura nyingi zina faida: wa rangi ya chungwa humwiga kipepeo mwingine kabisa mwenye sumu, na mzigo wa uigaji hugawanyika.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba sura hizi hazichanganyiki ovyo. Wanasayansi Cyril Clarke na Philip Sheppard, waliowazalisha vipepeo hawa Uingereza, walionyesha kwamba nakshi nzima hurithiwa kwa mkupuo, kutoka sehemu moja ya kromosomu. Clarke alikuwa daktari, na ujuzi huo wa urithi wa vipepeo ulimsaidia kufikia kinga inayookoa watoto wachanga ambao damu yao hailingani na ya mama, ule ugonjwa wa Rhesus.

Nyanda za juu mambo hubadilika. Mwanasayansi E. B. Ford alionyesha kwamba Entebbe, ambako wenye sumu walijaa, majike wenye nakshi zilizokosewa walikuwa asilimia 4 tu; karibu na Nairobi, ambako wenye sumu walikuwa adimu, walifika asilimia 32. Kwa hiyo anayetunza Jozani huitunza pia mimea itambaayo inayolisha viwavi wa Amauris. Ikitoweka, dardanus bado atakuwa na majani yake ya jamii ya mchungwa, ila nakshi za mabawa yake huenda zikaharibika kizazi baada ya kizazi.