Seva ya ofisi inakaribia kufa? Hivi ndivyo inavyogeuzwa kuwa mashine pepe

Kwenye ofisi nyingi kuna kompyuta moja ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Imekaa kwenye chumba kidogo chenye AC, au chini ya meza ya mhasibu. Feni inalia, vumbi limejaa, na juu yake imebandikwa karatasi: USIZIME.

Hiyo ndiyo seva. Ndani yake kuna programu ya mahesabu iliyowekwa zamani na mtu ambaye ameshahama kazi. CD yake haijulikani ilipo.

Tuseme ni seva ya SACCOS. Akiba za wanachama, mikopo, marejesho, vyote vimo humo. Siku ikigoma kuwaka, mwanachama aliyefuata pesa ya ada ya mtoto ataambiwa "mfumo uko chini", na safari hii itakuwa kweli.

Njia mojawapo ya kujinusuru kabla chuma hakijafa ni kuigeuza seva hiyo kuwa mashine pepe. Mafundi wanaiita kazi hii P2V.

Mashine pepe ni nini hasa?

Ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Inaishi kama mafaili ndani ya kompyuta nyingine yenye nguvu. Ina prosesa, ina RAM, ina diski na kadi ya mtandao, ila vyote ni vya kuigiza. Programu inayoitwa haipavaiza ndiyo inayogawa nguvu za mashine halisi kwa mashine pepe zilizomo ndani yake. Haipavaiza zinazotumika sana ni ESXi ya VMware, Hyper-V ya Microsoft na KVM ya Linux, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Proxmox.

Wazo lenyewe si la jana. IBM ilikuwa ikigawa kompyuta zake kubwa namna hii tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake wa VM/370.

Faida yake ni kwamba seva inaacha kutegemea chuma kimoja. Ikiwa ni faili, unaweza kuinakili, kuihifadhi mahali pengine, na kuiwasha kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ni kama laini ya simu: kioo kikipasuka unaitoa, unaiweka kwenye simu nyingine, namba inabaki ileile.

Kunakili ndiyo kazi nyepesi

Kwa Windows kuna programu ndogo ya bure inaitwa Disk2vhd, ya kundi la Sysinternals lililo chini ya Microsoft. Unaifungua kwenye seva ileile ikiwa inafanya kazi, unachagua diski, unaiambia pa kuweka faili, basi. VMware nao wana vCenter Converter, ambayo waliiondoa mwanzoni mwa 2022 kisha wakairudisha mwaka huohuo. Upande wa Linux kuna virt-p2v, ambayo unaiwashia seva kutoka kwenye CD au flashi.

Muda unategemea mtandao wa ndani. Ukiwa na swichi ya zamani ya megabiti 100 kwa sekunde, kila sekunde zinapita takribani megabaiti 12.5. Diski yenye data ya GB 500 itachukua zaidi ya saa 11. Kwa swichi ya gigabiti 1, hesabu hiyohiyo inashuka hadi saa moja na dakika chache, ingawa kwa vitendo huwa inazidi, maana diski kuukuu nazo haziendi mbio. Ndiyo maana kazi hii hufanywa Ijumaa jioni.

Lakini kuna kitu ambacho wengi wanakipita haraka. Disk2vhd haifuatilii diski inavyobadilika. Inapiga picha ya diski kwa wakati mmoja, halafu inanakili picha hiyo. Malipo yaliyoingizwa dakika 5 baada ya picha hayamo kwenye nakala. Ikiwa karani bado yuko dirishani anapokea marejesho ya mkopo huku nakala inaendelea, Jumatatu mwanachama ataonekana hajalipa.

Kwa hiyo kwanza watumiaji wote watoke, programu ya mahesabu na kanzidata yake vizimwe, bakapu ya kawaida ichukuliwe, ndipo kunakili kuanze. Na chapisha ripoti ya salio la jumla la siku hiyo kwenye karatasi. Itahitajika.

Tatizo linaanza ukiiwasha

Windows ya zamani imezoea vifaa vya zamani. Ilijifunza kuwaka kupitia kadi fulani ya diski, sasa inaamka na kukuta kadi nyingine asiyoijua. Matokeo yake ni skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, maana yake imeshindwa kuifikia diski ya kuwakia. Ukiiona, usikimbilie kudhani nakala imeharibika. Mara nyingi kinachotakiwa ni draiva, au kubadilisha aina ya kadi ya diski kwenye mipangilio ya mashine pepe. Kwenye Hyper-V, seva ya zamani inayowaka kwa BIOS lazima iingizwe kwenye mashine pepe ya Generation 1. Ukichagua Generation 2 haitawaka hata ukeshe.

Ikiwaka, mtandao utasumbua. Anwani ya IP uliyoiweka kwa mkono imebaki kwa kadi ya zamani ambayo haipo tena, na Windows itakwambia anwani hiyo inatumika na kadi nyingine. Inabidi uonyeshe vifaa vilivyofichwa kwenye Device Manager, ufute ile kadi hewa, ndipo uiweke anwani upya.

Halafu leseni. Programu nyingine za mahesabu zinatambua mashine kwa namba ya kadi ya mtandao, yaani MAC. Hiyo unaweza kuiandika ileile kwenye mashine pepe. Nyingine zinadai kile kikfaa cha USB cha leseni kilichochomekwa nyuma. ESXi na Proxmox zinaweza kukipitisha hadi ndani ya mashine pepe, lakini Hyper-V haina njia ya moja kwa moja. Hili ulijue kabla ya kuchagua haipavaiza. Na leseni ya Windows iliyokuja na seva kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa kwenye chuma kile, haihami nawe.

Usiwashe zote mbili

Hapa ndipo hela za watu zinapotea. Seva ya zamani na mashine pepe zina jina moja na anwani moja. Zikiwa hewani pamoja, baadhi ya makarani wanaweza kuandika huku na wengine kule. Jioni unakuwa na vitabu viwili vya SACCOS moja, kila kimoja kina miamala ambayo mwenzake hana, na hakuna programu ya kuviunganisha. Mtu atakaa na risiti moja moja.

Mashine pepe iwashwe kwanza ikiwa imekatwa mtandao. Fungua programu, toa ripoti ya salio, linganisha na ile karatasi ya Ijumaa. Zikilingana hadi senti, zima seva ya zamani, chomoa waya wake wa mtandao, ndipo mashine pepe iunganishwe.

Kuna seva moja ambayo ni bora usiinakili kabisa: inayosimamia majina na nywila za watumiaji wote wa ofisi, yaani domain controller. Nakala yake ikiingia mtandaoni vibaya, inaweza kuvuruga kumbukumbu za seva wenzake. Njia salama ni kujenga mpya, ikajaza taarifa zake kutoka kwa ya zamani, kisha ya zamani ikastaafishwa.

Chuma kipya, Windows ileile

Wauzaji wa huduma hii hawapendi kulisema sana: P2V inahamisha na matatizo. Kama ilikuwa Windows Server 2008, bado ni Windows Server 2008, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia rasmi Januari 14, 2020. Server 2012 nayo ilifikia mwisho wake Oktoba 10, 2023. Matundu ya usalama yanahama nayo. Mwezi Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye kompyuta za Windows zilizokosa kiraka, hadi Microsoft ikalazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa Windows ilizokwisha kuziacha, ikiwemo Server 2003.

Kwa hiyo kama mtengenezaji wa programu yako bado yupo na ana toleo jipya, anza upya kwenye Windows mpya, uhamishe data tu. P2V ni ya wale wasio na njia hiyo. Nao wakishahama, mashine pepe ifungiwe: isipate intaneti, ifikiwe na kompyuta za makarani peke yake.

Gharama nayo iangaliwe. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza mwisho wa kuuza leseni za kununua mara moja. Sasa ni kulipia kwa vipindi. Proxmox inapakuliwa bure, ukilipa ni kwa ajili ya msaada wa kiufundi.

Na ukishaona seva moja imehama vizuri, utatamani kupakia tano kwenye mashine moja. Sawa, ila umeme ukiipiga hiyo moja, zote tano zinalala. UPS si anasa hapa, na bakapu ya mashine pepe ikae kwenye kifaa kingine, ikiwezekana jengo jingine. Ile "snapshot" ya kubofya mara moja haihesabiki kama bakapu, kwa sababu inakaa na diski inayoitegemea.

Seva ya zamani isiuzwe wiki hiyo. Iache imezimwa hadi mwisho wa mwezi ufungwe kwenye mashine pepe, riba zikokotolewe, ripoti zitoke bila shida. Kabla haijaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, toeni diski zake muziharibu: majina, namba za simu na akiba za wanachama wote bado zimo.