Ukizuru Adriatiki, chunga usitoke bila kujua

Hebu jiweke katika hali hii, msomaji. Umedunduliza fedha miaka miwili, ukajaza makaratasi yasiyokwisha, hatimaye ukapata viza ya Kroatia. Sasa ni Julai, kiangazi kimepamba moto huko Ulaya, nawe umo ndani ya basi litokalo Split kwenda Dubrovnik. Kushoto ni milima ya mawe meupe, kulia ni Bahari ya Adriatiki. Mara basi linasimama, askari mwenye sare anaingia na kuitisha pasipoti. Kumbe mmefika mpaka wa Bosnia! Na viza yako ni ya kuingia mara moja tu.

Ukishatoka, hurudi tena, hata kama chumba cha Dubrovnik umeshakilipia.

Bosnia ina kipande cha pwani cha kilomita 20 hivi, penye mji wa Neum, nacho kinaikata pwani ya Kroatia mapande mawili. Kisa chake ni cha kale. Dubrovnik ilikuwa jamhuri ndogo ya wafanyabiashara, na hasimu wake mkubwa alikuwa Venice. Mwaka wa 1699 wakuu wa Dubrovnik waliona heri wawaachie Waturuki ardhi kidogo, iwe kama ua kati yao na jirani huyo. Dola zote hizo zimekwisha kufa. Ua ungalipo.

Wakroatia nao walichoka kuonyesha vitambulisho ili wafike kwao wenyewe. Julai 26, 2022, walifungua daraja la Pelješac, lenye urefu wa mita 2,404, linalopita juu ya bahari na kuiepuka Neum. Aliyelijenga si mgeni kwetu: ni kampuni ile ile ya Kichina iliyojenga reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Tofauti ni kwamba wao walipewa yuro milioni 357 na Umoja wa Ulaya, ilhali sisi tulikopa!

Hata hivyo, yapo mabasi ambayo bado hupitia Neum. Kwa hivyo uliza kabla ya kukata tikiti. Jihadhari pia na wale wanaouza safari za siku moja kwenda Mostar, iliyo Bosnia, au Kotor, iliyo Montenegro. Ni miji ya kupendeza, lakini nchi hizo hazimo katika mkataba wa Schengen, ambao Kroatia ilijiunga nao mwaka wa 2023. Ukitaka kuiona, omba viza ya kuingia mara nyingi tangu ungali Nairobi.

Mimi ningekushauri uachane na basi, upande chombo. Pale Split, hatua chache tu kutoka bandarini, kuna kasri la mfalme wa Kirumi, Diocletian, lililojengwa yapata mwaka 305. Watu wangali wanaishi humo na kuanika nguo madirishani. Kutoka hapo kuna feri za kwenda visiwa vya Brač, Hvar na Vis. Wenye magari husota foleni juani mwezi wa Agosti. Wewe wa miguu unajipenyeza na begi lako. Vis kilifungiwa wageni hadi 1989 kwa kuwa kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia, na ndiyo maana mahoteli makubwa hayakukivamia. Wakati wa kiangazi kuna boti za kasi za kupitia Hvar na Korčula hadi Dubrovnik, bila kuvuka mpaka wowote.

Usitarajie mchanga mweupe kama wa Diani. Fuo nyingi ni za kokoto, tena mawe ya majini yana viumbe wa miiba mikali, basi nunua viatu vya mpira. Jua huchwa karibu saa mbili na nusu usiku. Ukuta wa Dubrovnik, wenye mita 1,940, upande asubuhi mapema kabla ya jua na umati. Ukiweza, nenda Septemba: maji yangali na joto na vyumba hupungua bei. Bao lililoandikwa "sobe" langoni maana yake ni kwamba mwenye nyumba anakodisha vyumba.

Na usipange kurudi siku ile ile viza inapokwisha. Upepo ukichafuka, boti za kasi haziondoki.