Unga wa Makaa Hauui Vijidudu kwa Jua

Swali la kama unga wa makaa ukitiwa katika chupa ya maji na kuanikwa juani huua vijidudu limeulizwa mara nyingi mno, na jibu lake ni hapana. Asumbi nchini Kenya, mahali palipo chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, jua lipo la kutosha, lakini imani hiyo hulipoteza bure, kwa sababu unga mweusi huzuia miale ile ile ya urujuanimno ambayo ndiyo huua vijidudu katika chupa angavu.

Chanzo cha kosa kinaeleweka. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani, wakisafisha masizi yaliyotengenezwa maabara kwa umeme, walikuta chembe za kaboni zinazong'aa zikimulikwa, zenye upana wa nanomita chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ni rahisi basi kudhani kwamba kila kaboni nyeusi hufanya kazi ya kuua vijidudu kwa nuru. Haifanyi. Nuru inapopiga makaa ya jikoni huinua elektroni, nazo hurudi mahali pake papo hapo zikiacha joto tu, ilhali kichocheo cha nuru, yaani kitu kinachotumia nuru kuendesha mabadiliko ya kikemia, hakina budi kuzichelewesha hadi nguvu yake ivunje au iunde molekuli. Hata weusi wenyewe si sharti: kaboni nitridi, kiwanja cha kaboni na naitrojeni kilichoripotiwa mwaka 2009 kuwa hutoa haidrojeni katika maji kwa nuru inayoonekana, kikisaidiwa na kemikali nyingine, ni unga wa manjano hafifu. Huweza kutengenezwa kwa yurea, mbolea ile nyeupe ya punje anayoijua kila mkulima wa mahindi, ikipashwa hadi nyuzi joto 550 hivi. Wala mtu asijaribu nyumbani, kwani yurea ikichomwa hutoa amonia na gesi nyingine zenye sumu.

Kichujio cha makaa hunasa harufu na baadhi ya kemikali, lakini maji yaliyopita humo bado hayajaondolewa vijidudu.

Yanayofaa ni machache: maji yenye tope yaachwe yatuame kisha yachujwe kwa kitambaa, chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2 ianikwe saa 6 kwenye jua kali, au siku 2 mfululizo mawingu yakitanda, njia ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu watoto wa Kimaasai nchini Kenya ulionyesha kuwa hupunguza kuhara, au itumike klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, na siku ya mvua maji yachemshwe hadi yatokote. Jua haliondoi kemikali za mashambani. Mwenye makaa ayawashe chini ya sufuria ya maji, asiyatie ndani ya chupa.